Kilamba-Kioo: Miaka Miwili ya Kutafuta Mipira na Nikeli za Pijo 504

Kosa kubwa kuliko yote lilichukua kama dakika nne, na mimi nilikuwepo, nimeshika kikombe cha chai. Fundi bodi alichomeka kisu kwenye mpira wa kioo cha mbele, akakizungusha pande zote nne, akachokonoa nikeli, ule urembo unaong'aa kuzunguka kioo, kwa bisibisi bapa zikatoka zimejikunja kama maganda ya muwa, kisha akasukuma kioo kutoka ndani kikatoka kizima. "Kioo hakijaguswa, bosi," akasema, nami nikampongeza. Mpira uliokatwakatwa na nikeli zilizopinda vikaenda kwenye pipa la gereji. Jioni ile ile kijana wa skrepa akapita na mkokoteni wake.

Kioo nilikiogopea bure. Kabla ya kazi ile kuanza nilikuwa nimeshaviona viwili vya mbele vimeegeshwa ukutani kwenye duka moja Dar es Salaam, vina vumbi, vinauzika. Kilichokuwa adimu ni kile tulichokitupa. Nililijua hilo miezi mitano baadaye, gari likiwa limeshapakwa rangi inayong'aa hadi watoto wa mtaani wanajitazamia meno.

Gari lenyewe ni Peugeot 504 saluni, ile ya abiria yenye buti nyuma, ya 1978. Nililinunua 2019 kwa mzee mmoja mstaafu hapa Ngamiani, Tanga, kwa Sh 1,800,000. Lilikuwa limekaa chini ya mkungu miaka kumi na moja, na majani ya mkungu yalikuwa yameoza kwenye mifereji yote ya maji chini ya kioo. Mzee aliniambia, "Mwanangu, injini usiigope, ogopa maji." Nilidhani anasema tu. Wazee wana maneno mengi wakiagana na gari.

Kwa wadogo wasioijua: Pijo 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, na mwaka uliofuata ikawa Gari Bora la Mwaka la Ulaya. Huku kwetu sifa yake haikutokana na tuzo hiyo bali na barabara. Ndugu yake mkubwa, 404, ilishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland, mtu wa Dar es Salaam. Halafu 504 yenyewe ikashinda 1975 na 1978. Kenya waliendelea kuziunganisha hadi 2004. Kwa hiyo ukimwambia mtu yeyote mwenye umri wa miaka hamsini kwamba unafufua Pijo, atakujibu haraka: "Ah, spea za Pijo zipo tele!"

Anasema kweli nusu. Pistoni zipo, bushi zipo, breki zipo, hata kabureta utaipata ukizunguka siku mbili. Vitu hivyo vilibaki sokoni kwa sababu pikapu na stesheni (zile stesheni wagoni za mgongo mrefu) za Pijo ziliendelea kubeba mbao, samaki na abiria wakati saluni zimeshaegeshwa. Lakini gari la kazi halihitaji nikeli ya dirisha. Likivuja, linapigwa silikoni. Nikeli ikilegea, inang'olewa isije ikamkata abiria, inauzwa kilo na mabati mengine. Ndiyo maana unaweza kutengeneza injini nzima ya 504 ndani ya wiki moja, ukashindwa kupata mita mbili za urembo wa dirisha ndani ya mwaka.

(Neno "nikeli" nalitumia kama mafundi wote wanavyolitumia, kwa kitu chochote kinachong'aa kwenye gari. Za madirisha kwenye gari langu ni stenlesi, na tofauti hiyo ina maana, nitaifikia.)

Basi nikapaka rangi kwanza. Kila mtu ananiuliza kwa nini, na jibu la kweli ni kwamba rangi ndiyo inayoonekana. Unalipa fedha, unaona kitu. Kutafuta mpira ni kulipa fedha huoni kitu. Kioo cha nyuma hatukukitoa kabisa. Fundi alibandika magazeti na gundi ya karatasi kuzunguka mpira wake, akapuliza. Ukilitazama gari langu kwa karibu leo, utaona ukingo mdogo wa rangi pale gazeti lilipoishia, kama ukucha.

Rangi ilipokauka nikaanza safari za Dar. Gerezani, kule kwenye maduka ya spea, nilikwenda mara tatu. Mwenye duka la kwanza alinionyesha kifaa kizuri kabisa, cha Toyota. Wa pili akasema niache namba. Wa tatu, mama mmoja mchangamfu, akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Mpira wako una mfereji wa nikeli au hauna?" Nikamwonyesha picha ya gari kwenye simu. Akacheka. "Baba, hiyo ni picha ya gari. Mimi nimekuuliza mpira."

Nikatoka pale na mpira wa mita, ule wa jumla unaouzwa kwa kukatwa kutoka kwenye roli, mita kumi na mbili kwa Sh 6,000 kila moja, pamoja na tyubu tatu za silikoni. Fundi akaufunga. Kwenye pande zilizonyooka ulikaa vizuri. Kwenye kona nne ukakunjamana kama soksi, maana mpira wa mita haujui kona. Mpira wa kiwandani huwa umefinyangwa kona zake tayari. Mikunjo ile tukaizika kwa silikoni. Gari likanuka siki siku mbili nzima, mke wangu akauliza kama nimemwaga achari.

Masika ya 2021 ndiyo yaliyonipa jibu. Mvua ya usiku mmoja, asubuhi nikafungua mlango wa dereva nikakuta maji yamesimama kwenye sakafu. Niliyachota kwa kikombe cha plastiki, vikombe ishirini na tatu. Nilivihesabu kwa hasira. Nikakausha, nikaongeza silikoni. Yakaingia tena. Ilipofika Septemba rangi mpya kwenye kona za chini za dirisha ilianza kuvimba vipele. Nikakwangua kimoja kwa ukucha, chini yake kutu nyekundu, mbichi.

Hapa niseme jambo ambalo lingeniokolea fedha nyingi. Silikoni inayonuka siki inatoa asidi wakati inakauka. Kwenye sinki la jikoni hiyo si shida. Kwenye bati la gari lililokwaruzwa na kisu, umeikaribisha kutu ndani na kuifungia mlango. Halafu ukitaka kupaka rangi upya, rangi haishiki mahali silikoni ilipogusa, inakimbia na kuacha vidonda. Kama ni lazima utumie kitu cha kuzibia chini ya mpira, tafuta gundi ya butili, ile nyeusi isiyokauka, laini kama ulimbo. Inafinyangika, haili bati, na siku ukitaka kutoa kioo, kinatoka.

Nilikaa mwezi mzima bila kuligusa gari. Nilikuwa nimeshatumia karibu laki moja kwenye mpira wa mita na silikoni, na kukata kutu na kurudia rangi upande wa mbele kulikuwa kunanisubiri. Nikaingia mtandaoni, na hapo nikafanya kosa la aibu kuliko yote. Muuzaji mmoja alikuwa na picha za nikeli mpya za 504, bado zimo kwenye karatasi ya kiwandani. Akataka nusu ya bei kwanza, Sh 280,000. Nikatuma. Akanijibu "asante kaka" na kidole gumba, na mpaka leo hicho ndicho kitu pekee nilichopokea kutoka kwake. Siku hizi mtu akiniambia ana kitu adimu, namwomba aandike jina langu kwenye karatasi, ailaze juu ya kifaa hicho, apige picha. Mwenye mali hufanya hivyo ndani ya dakika tano. Mwenye picha za watu hukasirika.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja fundi vioo wa Mombasa. Nilivuka mpaka wa Horohoro kwa basi, nikafika Mwembe Tayari saa saba mchana na jua kali, nikaelekezwa kibandani kwake. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, akaniuliza ninachotafuta, nikatoa simu.

"Picha haina unene, babangu," akasema. "Wataka mpira, niletee mpira."

Nilikuwa nao mmoja, kwa bahati. Kabla ya safari nilikuwa nimekata kipande cha mpira wa kioo cha nyuma pale ulipokuwa umeshapasuka. Akakichukua, akakitazama upande wa mkato kama mtu anayetazama tunda, akaingia ndani akarudi na kipande kingine kutoka kwenye mzigo wake wa zamani. "Huu wako ni wa nyuma. Wa mbele ni huu. Waona haya matumbo yake? Si mamoja." Kisha akafanya kitu ambacho sikukisoma popote. Alikata kila kipande kwa wembe, kipande chembamba kama cha ndizi ya kukaanga, akakibonyeza kwenye kibao cha wino wa muhuri, akakigonga juu ya karatasi ya miraba. Kikatoka chapa safi: umbo la herufi H iliyolala, mfereji mmoja wa kioo, mfereji wa pili wa mdomo wa bati, na juu yake kijifereji cha tatu, chembamba, chenye midomo miwili inayokaribiana. "Hapo ndipo nikeli hukaa. Ukinunua mpira usiokuwa na hapa, nikeli utaifunga kwa sala."

Akapima kwa vernia, kile kifaa cha kupimia unene, akaniandikia vipimo vyote pembeni ya kila mhuri. Hakutaka fedha, nilimwachia ya soda na ya chakula cha mchana. Safari nzima, nauli na kulala, ilinigharimu kama Sh 140,000, na nadhani hiyo ndiyo fedha niliyoitumia vizuri kuliko zote katika habari hii.

Ukiwa na mhuri ule na rula pembeni, mazungumzo na wauzaji yanabadilika. Hawakuulizi tena gari gani. Wanatazama umbo wanasema ndiyo au hapana. Jambo la pili lililonifungulia njia ni majina. Gari ni la Kifaransa, na vitu vyake vimeorodheshwa kwa Kifaransa. Mpira wa kioo cha mbele ni "joint de pare-brise", wa kioo cha nyuma ni "joint de lunette arrière", nikeli ni "enjoliveur" au "baguette". Na ile mistari ya manyoya na mpira kwenye ukingo wa mlango, inayopangusa kioo unapokishusha, wao huiita "lèche-vitre". Binamu yangu anayesoma Lille, Ufaransa, ndiye aliyenitafsiria: kilamba-kioo. Nililipenda sana jina hilo, na mafundi wangu hapa Tanga sasa wanalitumia kana kwamba lilizaliwa Chumbageni.

Binamu akawa mkono wangu Ulaya. Kuna taasisi ya urithi wa kampuni yenyewe, L'Aventure Peugeot, yenye makumbusho Sochaux, inayouza vipuri vya magari ya zamani, na kuna wafanyabiashara wengi binafsi wa vipuri vya 504. Kumbuka pia kwamba 504 ziliunganishwa Kaduna, Nigeria, hadi miaka ya 2000, na Argentina hadi 1999, kwa hiyo kuna mabaki yake sehemu nyingi duniani.

Mpira wa kwanza niliomwagiza binamu ulikuja bila kijifereji cha nikeli. Ndiyo, pamoja na mhuri wote ule. Nilikuwa na haraka kwa sababu kuna mtu alikuwa anasafiri kuja Dar na angeubeba kwenye begi, nikamwambia binamu anunue wowote wa "pare-brise" wa 504 ulio dukani. Sh 210,000. Baadaye nilimuuzia mwenye pikapu kwa laki moja, naye ameridhika, maana yeye nikeli haimhusu. Mara ya pili nilituma karatasi ya mihuri kwanza, nikasubiri muuzaji athibitishe, ndipo tukalipa: wa mbele na wa nyuma pamoja Sh 430,000, usafirishaji Sh 160,000. Ushuru na VAT vikafika Sh 185,000, na hapo nilikosea kidogo tena, kwa sababu risiti ilikuwa kwenye simu ya binamu, mzigo ukakaa siku tisa ukisubiri uthibitisho wa bei. Mwambie anayekutumia abandike risiti iliyochapishwa nje ya boksi, ndani ya bahasha ya plastiki.

Nikeli zenyewe sikuzipata Ulaya. Nilizipata Muheza, kwenye banda la kuku.

Ni stesheni iliyochinjwa zamani: haina injini, haina magurudumu, imefungwa wavu madirishani, na kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mwenyewe, mama mmoja mkulima wa machungwa, aliniuliza kama nina akili timamu nilipomwambia nataka tu utepe wa chuma wa kioo cha mbele. Tukaelewana Sh 60,000 na sharti la kumwachia kioo mahali pake, maana kinawakinga vifaranga na upepo. Safari hii hakuna aliyeshika bisibisi. Nilipiga mpira wa zamani maji ya moto kutoka kwenye birika lake, nikaukata mdomo wa nje kwa wembe taratibu urefu wote, nikeli ikabaki huru, nikaiinua kwa vidole. Kazi ilichukua masaa mawili na nusu, na kuku wote wakinitazama. Ndani ya masaa yale nilipata nusu mbili za mbele zikiwa nzima, na kifuniko kimoja kidogo cha kiungio, kile kinachoficha pale nusu mbili zinapokutana.

Stesheni na saluni si kitu kimoja, wala usidanganyike na sura ya mbele. Stesheni ina chasi ndefu zaidi. Kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ni mita 2.90, wakati saluni ni mita 2.74. Kutoka mlango wa nyuma kurudi mkiani, ukitaka kitu cha dirisha, pima kila kimoja upya. Nikeli za kioo cha nyuma nilikuwa nazo zangu, kwa kuwa kile kioo hatukukitoa wakati wa rangi. Uvivu wa fundi uliniokoa mahali hapo.

Zilikuwa zimefifia na zina mabonde madogo. Ndipo tofauti ya stenlesi na kromu inapokuja. Kromu ni ngozi iliyopakwa. Ukiisugua sana unafika chini. Stenlesi ni kitu kimoja hadi ndani, kwa hiyo unaweza kugonga bonde kutoka nyuma kwa nyundo ndogo juu ya kipande cha mti mgumu, ukasugua kwa msasa namba 400, 600, 800, 1000, ukaendelea hadi 1500, kisha ukang'arisha. Aluminiamu nayo inafanana, lakini ni nyepesi na laini, na inaliwa na magadi makali ya kuzibulia mabomba, usiioshe kwayo. Sumaku haitakusaidia kila mara kuzitenganisha, maana stenlesi nyingine inashikwa na sumaku na nyingine haishikwi, kama vile aluminiamu isivyoshikwa.

Fundi wa mageti ya stenlesi alinisaidia kung'arisha. Gurudumu lake la kwanza ni la kitambaa cha mkonge. Mimi mtu wa Tanga, nimekua nikiona mashamba ya mkonge pande zote za barabara ya Korogwe, sikujua kwamba mkonge unang'arisha chuma duniani kote. Unakwangua mikwaruzo ya msasa, halafu gurudumu la pamba linamalizia. Nikaomba nijaribu. Nikashika nusu ya nikeli ya nyuma, nikaisogeza upande wa juu wa gurudumu badala ya chini, ncha yake ikaelekea linakotoka. Gurudumu likainyakua. Sikuona ilivyokwenda, nilisikia tu mlio kwenye paa la bati, halafu nikaiona sakafuni imepinda kama upinde. Fundi alizima mashine, akanitazama vidole kwanza, akahesabu kwa sauti: "Kumi. Haya, tunashukuru." Tuliinyoosha siku mbili. Ukisimama mita mbili huoni kitu. Ukiinama, kovu liko pale, upande wa abiria. Nilimlipa Sh 50,000 na sikugusa mashine yake tena.

Kabla ya kufunga, ilibidi kukata kutu. Fundi rangi wa pili, niliyemchagua kwa kuuliza wenye magari na si kwa bei, alikata kona mbili za chini akachomelea bati jipya la geji 20. Jaribio lake la kwanza alipandisha bati jipya juu ya la zamani, mdomo wa dirisha ukawa mnene mara mbili. Nilikuwa nimeshafundishwa Mombasa: nikachukua kipande cha mpira mpya nikajaribu kukichomeka. Hakikuingia. Akasaga, akaunganisha upya bati kwa bati, kichwa kwa kichwa. Kazi ile pamoja na rangi ilikuwa Sh 450,000. Kama mpira ungekuwepo siku ya kwanza, yote hayo yangefanyika kabla ya rangi ya kwanza. Ndiyo maana kila anayeniuliza namwambia asimruhusu mtu afungue kopo la rangi kabla mipira haijafika na kujaribiwa kwenye bati tupu.

Siku ya kufunga tulikuwa watatu. Mpira ulianikwa juani saa nzima ulainike. Tukauvisha kioo, tukachomeka nikeli kwenye kijifereji chake kioo kikiwa bado kimelazwa juu ya blanketi, maana kioo kikishakaa kwenye gari nikeli hii ni ya kulia nayo. Halafu kamba ya nailoni, unene kama wa kamba ya kuanikia nguo, ikazungushwa ndani ya mfereji wa bati, ncha zake mbili zikapishana katikati kwa chini. Tukapaka maji ya sabuni ya maji. Siyo grisi, siyo oili, mafuta yanavimbisha mpira wa aina hii. Mmoja nje anasukuma kwa kiganja, mwingine ndani anavuta kamba polepole, na mdomo wa mpira unapanda juu ya bati kama mtoto anayevaa fulana. Usipige kwa ngumi. Ukiona mahali panakataa, rudi nyuma, paka sabuni, vuta tena.

Milango ilikuwa na hadithi fupi. Vilamba-kioo vya nje niliagiza vya kwake. Vya ndani nilichukua vya Toyota vyenye unene unaokaribiana, nikakata kwa msumeno, na sijutii, hakuna atakayeviona. Vyote pamoja Sh 88,000. Ila kabla ya kulaumu mipira ya mlango, lala chini utazame ukingo wa chini wa mlango. Kuna matundu pale. Maji huingia ndani ya mlango hata gari likiwa jipya, na hutakiwa kutokea hapo. Yangu yalikuwa yamezibwa na puti ya fundi wa kwanza. Msumari wa nchi tatu ulitosha.

Kupima uvujaji tulifanya hivi: mwanangu wa darasa la tano aliingia ndani na tochi, tukapaka unga wa chaki kuzunguka mpira upande wa ndani, mimi nje na bomba la maji, nikianzia chini kupanda juu pole pole, dakika tatu tatu kila upande. Ukianzia juu, maji yanatiririka na hujui yameingilia wapi. Chaki inabadilika rangi pale tone la kwanza linapopita. Alipiga kelele mara moja tu, kona ya juu kulia. Tukainua mdomo wa mpira kwa kijiti cha mwanzi, tukaweka butili kidogo, kwisha.

Nimejumlisha risiti zote: Sh 2,149,000. Gari lilikuwa Sh 1,800,000. Katika fedha hizo, Sh 1,036,000 ni za makosa: mpira wa mita, silikoni, tapeli, mpira usio na mfereji, na kutu niliyoitengeneza mwenyewe. Ile laki moja ya mwenye pikapu nimeiacha nje ya hesabu, niliila nyama choma. Mke wangu ameiona hesabu hii. Alisoma hadi chini, akanirudishia karatasi, akaniuliza kama kesho nitampeleka sokoni kwa Pijo au kwa bodaboda.

Mihuri ya wino nimeipiga picha na kuwatumia watu kadhaa, na vipande vya mpira nimevihifadhi kwenye kopo la Blue Band lenye majina juu yake. Bado nakosa kifuniko kimoja cha kiungio cha nikeli ya nyuma, kitu cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kwa sasa pale pana kipande cha bati la kopo la maziwa nilichokikunja mwenyewe. Juzi kijana mmoja fundi wa Moshi aliniandikia: "Shikamoo mzee, nimesikia unatafuta kifuniko cha nikeli ya Pijo, ninacho." Akatuma picha yenye giza, kitu cheupe kiganjani. Nimemwomba aweke rula pembeni apige tena. Meseji ina tiki moja.